Kuchapwa ni Neno Dogo

Habari ya mtoto wa dada yangu kuhamia Mpumudde, Jinja, kwa baba mkubwa, ilitangazwa nyumbani kwake kwenye chakula cha Idi, kati ya pilau na soda, na kila mtu alifurahi. Baba mkubwa alifuta vidole kwa kitambaa, akasema shule za kwao mtoto, Nakaloke, zimejaa mpaka mwalimu hajui nani yupo na nani hayupo. Akasema pale Mpumudde kuna shule nzuri karibu na mlango wake, chumba kipo, na mtoto ametimiza miaka saba, huu ndio wakati wa kumshika. Alisema "kumshika" kwa maana njema, kama watu wote wanavyosema. Dada yangu alipiga magoti kumshukuru. Wageni wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa na kijiko mkononi, na neno pekee nililolitoa ni "Vizuri."

Baba mkubwa ndiye aliyetulea. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, mama akaolewa kwingine, na sisi wawili, mimi na dada yangu mkubwa, tukapelekwa kwake. Ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi alishona kwenye baraza la duka moja la zamani mjini Jinja, katika yale majengo ya Wahindi yenye nguzo na rangi iliyobanduka, na alisifika kwa sare za shule zisizopasuka. Hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Lakini nyumbani tulimwita Afande. Babu yake ndiye aliyekuwa askari, mmoja wa wale walioletwa kutoka Sudan na Waingereza, na katika ukoo wetu uaskari ulirithiwa kama pua: hata asiyewahi kugusa bunduki alijua kuamrisha. Nje tulicheza kwa Lusoga na kununua vitu kwa Luganda. Ndani kulikuwa na Kiswahili, na Kiswahili cha ndani kilikuwa cha amri. Simama. Geuka. Nyoosha mikono.

Alituchapa kwa mkanda wa cherehani, ule wa ngozi unaozungusha gurudumu. Ukishalegea haufai tena kazini, kwa hiyo huletwa nyumbani. Ukimaliza kuchapwa ulipiga magoti ukasema, "Asante, Afande." Ikitoka na kilio ndani yake, haikuhesabiwa, mnaanza upya. Sababu zilikuwa za kila aina, na siku nyingine hazikuwepo.

Siku ile ya Idi alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, anayempa mtoto peremende na kumwita "mke wangu mdogo" kama mababu wanavyotania wajukuu. Nami nilipofika nilipiga magoti kumsalimia kabla sijaamua. Nina shahada ya sayansi. Ninafanya kazi katika maabara Mbale, ninabishana na madaktari kuhusu majibu ya vipimo. Magoti yangu hayakuniuliza.

Tulipokuwa tunasubiri gari la kurudi, nilijaribu.

"Dada, una uhakika?"

"Na nini?"

"Na Afande."

Alinitazama kama ninavyotazamwa na watu wa kwetu kila nikianza maswali. "Alituchapa, eh. Nani hakuchapwa? We ungefika yunivasiti bila ule mkanda? Banange, we mtoto, shukuru kidogo."

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa tatizo langu. Neno nililokuwa nalo lilikuwa kuchapwa, na kuchapwa ni neno dogo. Mwalimu anachapa, mama anachapa, shehe wa madrasa anachapa. Ukisema "tulichapwa" mbele ya watu wa kwetu wanacheka, na kila mmoja analeta hadithi yake, na yake ni kali kuliko yako. Nilihitaji neno jingine, na nililihitaji kabla shule hazijafunguliwa.

Ndiyo maana nilikwenda kwa kaunsela. Sikwenda kupona. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza, katika chumba chake kilichoko nyuma ya zahanati moja Mbale, chenye viti viwili vilivyowekwa upande upande ili msitazamane kama maadui.

"Nataka sentensi moja," nilisema. "Ya kumwambia dada yangu, ili asimpeleke mtoto."

"Tutafika huko," alisema.

Alikuwa mama wa makamo, Mgisu wa milimani, mpole, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa ukiwa unaongea. Tulizungumza Kiingereza, kwa sababu Lumasaba yangu, lugha ya kwao, ni ya sokoni na yeye Kiswahili hakukitaka. Alisema tu kwamba hakijui vizuri. Kwa Kiingereza nilieleza kila kitu. Nilieleza vizuri mno. Nilipanga hoja, nikatoa mifano, nikahitimisha. Alisema ninaongea kama mtu anayesimulia kesi ya jirani.

"Na mwilini," aliuliza, "unaisikia wapi?"

"Bega la kushoto. Nimelilalia vibaya."

Alinifundisha kupumua. Alinifundisha kukanyaga sakafu kwa miguu yote miwili na kutaja vitu ninavyoviona. Nilitaja: kiti, dirisha, pazia, mbuzi wa mtu. Nilimuuliza anajuaje kama mambo haya yanafanya kazi. Kwetu maabara, nikisema una malaria, nina kitu kwenye kioo cha darubini, njoo uangalie mwenyewe.

"Unalala vizuri zaidi?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi bado."

"Na ningelala vizuri, ungesema ni wewe?"

"Ningesema ni sisi wawili."

"Na kama ni mvua tu imepunguza joto?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Nyabo, wewe utamchosha hata Mungu."

Nilimpenda kwa kicheko kile. Lakini nilitoka pale na mikono mitupu, na wiki zilikuwa zinakwenda. Kila nikiuliza kuhusu sentensi yangu, jibu lilikuwa lilelile: tutafika huko. Nilianza kuchukia neno "huko". Kulikuwa na mtoto wa miaka saba ambaye alikuwa anafika huko kabla yetu.

Kwenye ukuta wa chumba cha kusubiria palikuwa na bango lenye lugha nyingi na picha ya mtoto aliyejikunyata kwenye kona. Kwa Kiswahili liliandikwa "unyanyasaji". Nililisoma kila nilipofika. Sijawahi kulisikia neno hilo likitamkwa nyumbani kwetu wala sokoni Nakaloke. Nikimwambia dada yangu kwamba tulinyanyaswa, ataniuliza ni shirika gani limenituma. Kaunsela akanipa neno jingine la Kiingereza, survivor: manusura. Nikamwambia manusura ni mtu aliyeokoka kwenye ajali. Sasa kama gari lililotugonga lina dereva yuleyule, na kesho linapita kumchukua abiria mwingine, neno hilo linamsaidia nani? Akaandika kitu. Akasema hasira ni dalili nzuri. Nilimwambia homa nayo ni dalili, lakini hatumpongezi mgonjwa.

Kuna jambo moja lililonisumbua katika mazungumzo hayo nami nikaliacha lipite. Mara kwa mara, akimzungumzia Afande, alisema "miaka yake ya jeshi". Alisema mtu aliyeishi kwenye kambi huileta kambi nyumbani. Aliniambia nifikirie vita alivyoviona. Nilidhani ni mafumbo. Pale ndani kila kitu kilikuwa fumbo: kulikuwa na mtoto wa ndani yangu, kulikuwa na mlango, kulikuwa na mzigo. Nikaona, sawa, na jeshi pia.

Halafu ikaja siku ya kiti. Alivuta kiti cha tatu, akakiweka mbele yangu, akasema baba mkubwa amekaa pale na mimi nimwambie ninachotaka. Nilijiona mjinga, lakini nilikuwa nimechoka kubisha, nikasema. Kwa Kiingereza nilikipa kile kiti hotuba nzuri sana, ya kushinda mdahalo.

"Hapana," alisema. "Yeye alikuwa anasema nanyi Kiingereza?"

"Kiswahili."

"Basi sema alivyokuwa anasema yeye. Kwa lugha ile ile. Tumsikie."

Nikafungua mdomo. "Njoo hapa. Piga magoti. Nyoosha mikono. We unalia nini? Nani amekufa? Sema asante. Sema vizuri. Sema!"

Sauti ile haikuwa yangu. Ilitoka chini, tumboni, tayari imepangwa, kama kanda iliyokuwa inasubiri mtu abonyeze. Kwa mara ya kwanza katika chumba kile kitu kilinitokea, nami nikageuka kumtazama, nikitaka aone, nikitaka mtu mmoja duniani aone.

Hakuwa ananitazama. Alikuwa ameingiza miguu chini ya kiti chake. Mkoba wake alikuwa ameupakata kwa mikono miwili, kifuani, kama mtu aliyesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani.

"Samahani," alisema. "Walikuja kwetu usiku nikiwa msichana. Askari. Walisema hivyo hivyo. Piga magoti."

Sikujua nifanye nini. Nilitafuta glasi yake ya maji nikampa. Nilimwambia apumue. Nilimwambia akanyage sakafu kwa miguu yote miwili. Nilikuwa na hasira mbaya, hasira ya mtu aliyebeba mgongoni kitu kizito mpaka mlangoni kwa fundi, akakuta fundi naye amelala chini. Lugha pekee iliyokuwa na uchungu wangu ndani yake, kaunsela wangu hakuweza kuisikia. Kwenye nchi hii nusu ya watu wakisikia Kiswahili wanasikia buti za askari. Ningefanya nini, nitafute mtu Mombasa?

Akanywa maji, akajikusanya, na labda kwa kutaka kurudi kazini akauliza: "Alikuwa kikosi gani?"

"Nani?"

"Baba yako mkubwa."

"Mama," nilisema, "ni fundi cherehani."

"Lakini ulisema mlimwita Afande."

"Tulimwita Afande. Anashona sare za shule. Anashona na kaptula."

Tukatazamana. Wiki zote zile alikuwa ananitibu majeraha ya mwanajeshi asiyekuwepo. Sijui nani alianza kucheka, nadhani ni yeye, na hakikuwa kicheko kizuri, lakini kiliondoa kitu hewani. Alikirudisha kile kiti ukutani. Hakuinamisha kichwa tena. Aliniuliza kama mwanamke yeyote angeuliza akiwa anamenya viazi:

"Sasa huyu fundi akikuchapa, dada yako alikuwa wapi?"

Nilifikiri nimeshamweleza. Nilipopitia nyuma hoja zangu zote na mifano yangu yote, nikaona kwamba dada hakuwemo. Nilikuwa nimemtoa, kama mtu anavyokata picha kwa mkasi.

"Alikuwa mbele yangu," nilisema. "Amenishika mikono. Afande alimwamuru anishike nisijikinge. Akiachia, zamu inakuwa yake."

Yule mama hakuuliza hilo linanifanya nijisikieje. Alisema tu, "Basi ndiyo maana huna sentensi."

Alikuwa sahihi, na hilo liliniudhi zaidi ya wiki zote za kupumua. Alifika pale kwa kukosea njia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Nakaloke. Dada yangu anauza nguo za mitumba za watoto sokoni, na jioni huzichambua uani kwake: nzima huku, za kushona kule. Mtoto alikuwa madrasa. Nilikaa kwenye kigoda nikamsaidia kufunga vifungo.

"Afande amepiga simu," alisema. "Anataka vipimo vya mtoto ashone sare. Nimempa urefu, sasa anataka na kiuno. Kiuno cha mtoto! Si atatia tu mpira."

"Usimpeleke."

"We tena."

"Mimi tena."

"Sikiliza," alisema, bado anakunja. "Munasoma sana nyinyi, munatafuta ugonjwa. Alichapa mimi kuliko wewe. Mimi nimekufa? Nina biashara, nina mume, nina mtoto. We unakwenda kulipia pole kwa kaunsela, watu wote wanajua, hata yule wa boda amenambia, 'Yule mdogo wako kichwa iko sawa?' Mimi nasema iko sawa, amesoma tu."

Ningeweza kubishana kuhusu hilo mpaka usiku. Ninajua kubishana, ndicho ninachokijua. Lakini nilisema, "Ulikuwa unanishika mikono."

Aliacha kukunja. Mkononi alikuwa na kigauni cha njano.

"Aliniamuru," alisema.

"Najua."

"Nikiachia anakuja kwangu."

"Najua, dada. Si kwa hilo nimekuja."

"Basi umekuja kwa lipi? Unataka nikupigie magoti? Nikuombe msamaha leo, mbele ya majirani?"

"Ulikuwa unanibonyeza viganja," nilisema. "Kwa kidole gumba. Polepole, asione. Unakumbuka?"

Alikikunjakunja kile kigauni mkononi.

"Mimi nilikuwa na hicho kidole. Nilikuwa ninakisikiliza hicho tu. Mtoto wako atakuwa peke yake kule. Atashikwa na nani?"

Nilidhani atalia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi. Wiki zile zote zilikuwa zimenitayarisha kwa machozi. Alisimama, akanirushia kigauni kile usoni.

"Toka."

"Dada."

"Toka kwangu! Umekaa na maneno hiyo miaka yote, umeyachonga, leo unaniletea. Mimi nilikuwa mtoto! Toka, nenda kwa kaunsela wako, mwambie dada yangu ni shetani."

Nilitoka. Barabarani nikagundua bado nimeshika kile kigauni, nikarudi nikakitundika kwenye ua wake, na alinitazama nikifanya hivyo.

Baada ya hapo hakupokea simu zangu. Nilirudi Mbale kwenye chumba kile cha viti viwili, nikasimulia, na yule mama akasema nimefanya jambo kubwa.

"Limefanya kazi?" niliuliza.

"Kwako, limefanya."

"Sikuja kwa ajili yangu."

"Najua. Lakini wewe ndiye uliyekaa hapa."

Nilimwambia hilo ni jibu la mtu ambaye hapimwi kwa matokeo. Nilisema mengine pia. Kama mtoto akipelekwa, utaniambia nini, kwamba nimejieleza vizuri? Hakukasirika. Alisema hajui ataniambia nini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hajui, na ingawa mimi ndiye mtu wa kudai watu wakiri wasichokijua, siku ile neno lile halikunifaa kitu.

Shule zilifunguliwa. Kazini niliweka simu juu ya meza, karibu na darubini, na haikulia. Nilifikiria kumpigia Afande mwenyewe, nikashindwa kujua ningemsalimia vipi. Mwishowe, siku moja baada ya kazi, nilipanda gari kwenda Nakaloke bila kualikwa.

Dada yangu alikuwa mezani pake sokoni. Aliniona tangu mbali akaendelea kukunja. Nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia nilipomwona mtoto, upande wa pili wa meza, amevaa sare ya shule ya palepale Nakaloke, soksi moja imeshuka, anavuta kamba na wenzake. Nilisimama. Nilitaka kumuuliza dada yangu ilikuwaje, nilitaka anieleze alivyomwambia Afande, kwa maneno gani, neno kwa neno. Nilitaka kujua kama lilisemwa.

"Umekuja," alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mama anayeuza vitunguu meza ya pili ndiye aliyenieleza. "Wewe si ndiye wa maabara? Poleni kwa mtoto. Lakini tuambie ukweli, hii pumu ni ya kweli ama dada yako ameona Jinja mbali? Mzee wenu wa kule amepigia simu mpaka mume wangu. Anasema mtoto ni mzima kabisa, dada yako ndiye anamnyima."

Kwa hiyo ni pumu. Hakuna kilichosemwa. Afande ataendelea kuwa mzee wa heshima aliyejitolea chumba, mwenye bahati mbaya ya upepo wa ziwa usiofaa kifua cha mtoto. Idi ijayo atafuta vidole vyake na kukitoa chumba kile kwa mtoto wa mtu mwingine, na watu watapiga vigelegele. Sikusoma miaka yote ile, wala kukaa kwenye kiti kile wiki zote zile, ili ukweli wetu uishie kwenye ugonjwa wa kubuni.

"Kule kuna ule upepo wa ziwani," dada yangu alimwambia mama wa vitunguu. "Usiku anabanwa." Hakunitazama. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya nguo.

"Eh, mimi nataka kusikia kwa aliyesoma," mama yule alisema. "Mwanangu, umempima?"

Pumu haipimwi kwenye darubini yangu. Mtu yeyote wa kazi yangu anajua hivyo.

"Nimempima mwenyewe," nilisema. "Ni mbaya. Jinja hawezi kukaa."

"Yaa Rabi. Pole, mama," akamwambia dada yangu, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Dada yangu alisukuma rundo la nguo ambazo hazijakunjwa mpaka upande wangu wa meza. Nikaanza kukunja. Kule nyuma yetu mtoto alikuwa ameshinda kamba na anakimbia kuzunguka meza zote za soko, akipiga mayowe ya ushindi kwa pumzi ndefu, na sote wawili tukamwambia kwa pamoja anyamaze, akae chini, ni mgonjwa.